MANENO YANAYOFUNIKA VITA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa matawi ya Meru na Embu



Nimepewa nusu saa nieleze sababu za azimio ambalo karani atalisoma baadaye. Azimio lenyewe ni fupi. Lataka wabunge wetu wa Meru, Tharaka-Nithi na Embu waulize Bungeni yale ambayo kila serikali iliyopata kupeleka askari vitani imependa yasiulizwe: nani aliamua, kwa sheria gani, kwa gharama gani, na wangapi hawakurudi. Wako wenzetu walioniambia hapo mlangoni kwamba hayo si mambo ya chama cha wafanyakazi. Wasema kazi yetu ni mishahara, likizo na malipo ya uzeeni. Nitawajibu, na kwa kuwa tumekaa hapa chini ya mlima, nitaanza na mambo yaliyotendeka hapa hapa chini ya mlima.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia sahihi karatasi. Alikuwa hajatimiza mwezi mmodja katika nchi hii. Karatasi ile haikusema "vita". Ilisema Hali ya Hatari. Usiku ule ule wakakamatwa Jomo Kenyatta na wenziwe wengi, na kati yao walikuwamo watu wa vyama vya wafanyakazi, Fred Kubai na Bildad Kaggia. Makhan Singh yeye hakungoja Hali ya Hatari. Alikuwa kizuizini tangu Mei 1950, akaachiliwa Oktoba 1961. Askari wa Kizungu waliletwa kwa ndege kutoka Misri. Ndege za kivita zikaja, mabomu yakaangushwa msituni, mitaro ikachimbwa kando ya msitu kwa kazi ya lazima, wakafa watu kwa maelfu. Hadi Januari 1960, miaka saba na zaidi, katika karatasi za serikali jambo lile halikupata kuitwa vita.

Ndugu zangu, litazameni neno hili kwa makini. Vita vina mwanzilishi. Ukisema "kuna vita", hata mtoto atauliza, nani kaanza, na wanagombea nini? Lakini hatari haina mwanzilishi. Hatari huja kama mvua ya mawe juu ya majani chai. Hakuna aulizaye mvua ya mawe kwa nini imekuja. Watu hukimbilia chini ya paa na kumtii mwenye nyumba. Basi ndivyo neno lile lilivyofanya kazi. Swali la ardhi, la kipande, la mshahara, la kukosa sauti katika Baraza, yote yaliachwa nje mvuani.

Wala sisemi kwamba hatari haikuwako. Chifu Waruhiu aliuawa kwa risasi tarehe 7 Oktoba 1952, mchana kweupe. Huko Lari, Machi 1953, watu walichomwa ndani ya nyumba zao, wanawake na watoto. Mtu akitaka kusema hayo hayakutokea, asiseme kwa jina langu. Ninalosema ni kwamba jambo la kweli ndilo kifuniko kizuri kuliko uongo. Uongo hutoboka upesi. Jambo la kweli laweza kufunikia sufuria nzima kwa miaka.

Baada ya hatari likaja neno la pili: ugonjwa. Mwaka 1954 serikali ilichapisha kijitabu cha Dr J. C. Carothers, daktari wa magonjwa ya akili aliyepata kuongoza hospitali ya Mathari. Ndani yake Mau Mau ilielezwa kama fadhaa ya akili za watu walioacha desturi za kale na hawajafika katika mpya. Vizuri sana! Mgonjwa haulizwi ana madai gani, hupewa dawa. Lakini mwaka ule ule wa 1954 ikatoka ripoti nyingine, ya kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter, mkubwa wa Idara ya Kazi. Huyo hakupima akili, alipima mifuko. Alikuta kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na makampuni walikuwa wakilipwa chini ya kile kinachotosha chakula, mavazi na afya. Serikali moja, mwaka mmoja, karatasi mbili. Ya kwanza ndiyo iliyozungumzwa ng'ambo.

Na tuone mwaka ule ulileta nini kingine. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa. Operesheni ile iliitwa Anvil, maana yake fuawe, kile chuma ambacho mhunzi huweka kitu juu yake akakipiga nyundo. Kila mtu mweusi alisimamishwa, kisha Mkikuyu, Mwembu na Mmeru wakatengwa upande. Aliyekuwa mpishi, seremala, karani wa reli au mchukuzi wa sokoni hakuulizwa kazi yake. Aliulizwa kabila. Watu waliofunikwa magunia kichwani, matundu mawili ya macho, walitikisa kichwa au hawakutikisa, na kwa hilo mtu akapelekwa Langata, kisha Manyani au Mackinnon Road. Zaidi ya 20,000 waliwekwa kizuizini, na maelfu wengine, pamoja na wake na watoto, wakarudishwa kwa nguvu huku kwetu na Ukikuyuni. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walizolewa pamoja na wengine, ofisi zikabaki tupu. Tom Mboya, aliyekuwa katibu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, alibaki nje na akapinga kufukuzwa kwa watu hawa. Mwaka 1956 serikali ikatishia kulifuta Shirikisho kwa sababu, ati, limeingia siasa. Kwa hiyo ndugu zangu mnaosema mlangoni kwamba mambo haya si ya chama, jueni kwamba hoja yenu ina historia, na aliyeitumia kwanza alikuwa akitafuta kufuli la mlango wetu.

Kambini watu waligawanywa kwa rangi: weupe, kijivu, na weusi. Mweupe ni yule aliyeonekana safi, kijivu wa kuchunguzwa zaidi, mweusi asiyetaka kukiri. Kuhojiwa kwa mateso kuliitwa kuchunguzwa. Kufanyishwa kazi kwa nguvu kuliitwa kurekebishwa. Kuchomewa nyumba na kusukumwa ndani ya uzio wa miba kuliitwa kuanzisha vijiji. Zaidi ya watu milioni moja walitiwa katika vijiji vipatavyo 800 katika wilaya za Wakikuyu, Waembu na Wameru. Maneno yote haya, ukiyasoma katika ripoti ya mwaka pale London, yananukia sabuni.

Sasa nifike Chuka, kwa maana hapa ndipo penye somo kubwa, na wengi wa vijana wetu hawakufundishwa shuleni.

Juni 1953 kikosi kimoja cha Keya, batalioni ya tano, kiliingia Chuka, ambayo siku zile ilikuwa ndani ya wilaya ya Meru. Kazi yao ilikuwa kuwatoa wapiganaji waliodhaniwa kujificha kando ya msitu. Katika siku chache waliua watu wapatao 20 waliokuwa hawana silaha. Sikilizeni vizuri: miongoni mwa waliouawa walikuwamo homugadi, watu wa upande wa serikali yenyewe, waliotoka kwenda kuwasaidia askari. Basi ule usemi kwamba risasi ziliwapata magaidi peke yao haukuweza kusimama hata mbele ya machifu wa serikali. Jambo likajulikana, na wakubwa wakajua.

Je, walifanya nini? Hapo ndipo palipo na ufundi. Ofisa aliyeongoza kikosi, Gerald Griffiths, alipelekwa mbele ya mahakama ya jeshi Novemba 1953, lakini kwa kuua mtu mmoja tu, si kwa mauaji yale ya watu 20. Akaachiliwa. Katika kesi ile yakasikika maneno mabaya: kwamba askari walipewa shilingi kwa kuua, na kwamba vikosi viliandika hesabu ya waliouawa ubaoni kama magoli ya mpira. Makelele yakafika hadi Bunge la Uingereza. Hapo ikaundwa baraza ya uchunguzi. Lakini baraza hiyo iliulizwa nini? Iliulizwa kama jeshi lina desturi ya zawadi, mashindano na ubao wa magoli. Ikakaa Desemba, milango imefungwa, ikajibu kwamba kwa jumla jeshi lina nidhamu na limejizuia. Jibu likatangazwa Bungeni, watu wakapumua. Ushahidi ukafungiwa kabatini. Griffiths akashtakiwa tena mwaka 1954, safari hii kwa ukatili, akafungwa miaka mitano. Kwa watu wa Chuka hakuna aliyepata kuhukumiwa.

Mmeona swali lilivyogeuzwa? Watu waliuliza, "Nani aliwaua hawa?" Wakajibiwa, "Jeshi letu ni jema." Si jibu la swali lile, lakini ni vigumu kulikataa, kwa sababu ukilikataa unaonekana kumtukana kila kijana aliyevaa sare. Wazee wa Pwani wana msemo: funika kombe, mwanaharamu apite. Pale Chuka kombe lilikuwa heshima ya jeshi.

Mwea nitaipita upesi, maana wazee wa Embu wanaijua kuliko mimi. Mifereji inayonywesha mpunga ule tunaoula ilianza kuchimbwa kwa mikono ya mahabusu, wakati Mwea ilipokuwa ndani ya wilaya ya Embu. Mwaka 1957 mpango wa kuwapiga waliokataa kukiri mpaka wakubali uliitwa Operesheni Maendeleo. Maendeleo! Mwezi wa Juni mwaka huo Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana kwa maneno ambayo maana yake ni hii: ikiwa tutatenda dhambi, basi tuitende kimya kimya. Karatasi za siku zile zilifichwa Uingereza miaka mingi, zikafichuka mwaka 2011 wakati wazee wetu walipoishtaki serikali ya Uingereza kule London. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wao wa mambo ya nje aliliambia Bunge kwamba serikali yake inasikitika, na watu 5,228 wakatengewa malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9. Wazee wengi walikuwa wameshazikwa.

Njia ile ya Mwea ndiyo iliyofika Hola. Tarehe 3 Machi 1959 watu 11 walipigwa hadi kufa, na serikali ikatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Neno lile la maji lilidumu siku chache tu, kwa kuwa madaktari waliona majeraha. Waliosimama kuuliza katika Bunge la Uingereza hawakuwa wa chama kimoja. Barbara Castle alikuwa wa Leba. Enoch Powell alikuwa wa chama kile kile kilichotawala, mtu ambaye katika mambo mengine hakuwa rafiki yetu hata kidogo, lakini usiku ule wa Julai alisema haiwezekani kuwa na sheria moja kwa Mwingereza na nyingine kwa Mwafrika aliye chini ya Mwingereza. Hakuna aliyemwita haini. Koloni halikufa kwa sababu ya swali. Mateso ndiyo yaliyopungua.

Sasa nafika mahali ambapo wengine hawatapenda. Je, sisi wenyewe tulipojitawala tuliyatupa maneno yale?

Tulijitawala tarehe 12 Desemba 1963. Siku kumi na sita baadaye, tarehe 28 Desemba, serikali yetu ilitangaza hali ya hatari katika nchi ya Kaskazini. Hapo Isiolo ni karibu sana na Meru mjini. Ukiteremka mlima umefika. Kwa hakika damu ilikuwa imekwisha kumwagika huko. Daudi Dabasso Wabera, D.C. wa Isiolo, aliuawa Juni 1963. Lakini kulikuwa pia na swali la siasa: mwaka 1962 tume ya Waingereza ilikuta kwamba watu wengi wa sehemu ile walitaka kuungana na Somalia. Mtu aweza kusema hawakuwa na haki ya kutaka hivyo. Mimi mwenyewe sikubali nchi ikatwe vipande. Lakini swali lile lilifungwa kwa neno moja, "shifta", yaani mnyang'anyi. Mnyang'anyi hana madai. Miaka minne ya mapigano, watu na mifugo wakatiwa katika vijiji vya kulindwa, mfano ule ule wa 1954, na tofauti ni kwamba walinzi safari hii walikuwa sisi. Yakaisha kwa mapatano ya Arusha mwaka 1967, Rais Kaunda akiwa mpatanishi. Mwaka 1970 ikatungwa sheria iliyozuia maofisa wasishtakiwe kwa mambo waliyoyatenda huko. Na hapa Meru, Baimungi, aliyetoka msituni akadai ardhi kwa waliopigana, aliuawa na majeshi ya serikali ya Uhuru mwanzoni mwa 1965, akiwa na jina lile lile la ujambazi alilopewa na Mwingereza.

Tuje karibu zaidi. Oktoba 2011 mawaziri wawili walitangaza siku ya Jumamosi kwamba majeshi yetu yatawafuata Al-Shabaab ndani ya Somalia. Kesho yake yakavuka mpaka. Watalii walikuwa wametekwa upande wa Lamu, na wafanyakazi wa misaada Dadaab. Hasira ilikuwa ya haki. Lakini Katiba yetu ya 2010, ambayo wino wake ulikuwa haujakauka, yasema Rais aweza kutangaza vita kwa idhini ya Bunge. Bunge halikuulizwa kwanza. Kwa nini? Kwa sababu haikuitwa vita. Iliitwa kufuatia adui moto moto, na ikapewa jina la Linda Nchi. Nani atasimama kijijini kwake aseme hataki nchi ilindwe? Mwezi mmoja haujapita sana, msemaji wa jeshi akawaonya watu kwa mtandao kwamba makundi ya punda waliobeba mizigo yatahesabiwa kuwa ya adui. Watu walicheka, hasa hapa kwetu ambako punda ndiye lori la maskini. Hata hivyo, Bunge lilipokuja kuletewa jambo hili mwezi wa Desemba, halikuulizwa kama twende. Liliulizwa kama askari waliokwisha kwenda waingie katika jeshi la Umoja wa Afrika. Ni kama mtu aliyekwisha chinja ng'ombe wa familia, kisha akaitisha baraza ya kujadili supu.

Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ya El Adde ilivamiwa. Serikali haikutangaza hesabu kamili ya waliokufa. Rais wa Somalia alisema ni kati ya 180 na 200. Yetu ikakanusha, lakini haikutoa hesabu yake. Waziri wetu wa usalama alionya kwamba atakayesambaza picha za askari waliokufa atakamatwa kama mpenzi wa Al-Shabaab. Kuzuia picha, mimi naafiki. Maiti ya mtoto wa mtu si gazeti. Lakini hesabu si picha.

Na Juni 2024, vijana walipoandamana juu ya kodi, askari wa jeshi walitolewa mijini. Katiba ina njia mbili hapo. Kutuliza fujo na ghasia kunahitaji Bunge likubali. Kusaidia wakati wa dharura na maafa kunahitaji Bunge lipewe habari tu. Tangazo la tarehe 25 Juni lilichagua neno dharura. Bunge lilikuja kukubali kesho yake, lakini neno lilikwisha tangulia. Kutoka 1952 hadi 2024, ndugu zangu, ni neno lile lile limebadilisha koti.

Ninajua hapa ndani wako wazazi wenye watoto jeshini, na ni hao hasa wasiotaka azimio. Mzee mmoja ameniambia, "Ukiuliza sana, wamvunja moyo kijana wangu aliye zamu." Kwa heshima namjibu hivi. Kijana wako, mzee, ni mfanyakazi. Ana mshahara, ana saa za kazi, ana hatari ya kazi kuliko sisi wote. Lakini Katiba, kifungu cha 24, imeruhusu sheria iminye haki yake ya kujiunga na chama na ya kugoma. Mimi meneja akinipeleka kwenye mashine mbovu, nitamwita katibu wa tawi. Yeye akipelekwa kwenye kambi isiyo na ulinzi wa kutosha, atamwita nani? Aliye mbele yake ni ofisa, na juu ya ofisa ni mtu aliyetoa hotuba ya bendera. Kama sisi tulio na chama hatuulizi, hakuna mwingine. Na ikiwa amri ile ilikuwa ya haki na ya busara, swali halitaidhuru. Mawaziri watasimama waeleze, nasi tutapiga makofi.

Tena msidhani mambo ya Somalia ni ya mbali. Wachumaji na wafungaji wa miraa wa Igembe walikaa bila soko la Mogadishu tangu Machi 2020 hadi Julai 2022. Kwanza ilikuwa korona, kisha ugomvi wa serikali mbili. Wakubwa wa pande zote walikuwa wakisema habari za heshima ya taifa. Aliyelala njaa ni aliyelipwa kwa kibunda.

Azimio lina mambo manne. La kwanza, wabunge wetu waulize kila mwaka gharama ya askari walio nje, kwa shilingi. La pili, waulize hesabu ya waliokufa na walioumia, bila majina kama familia hazitaki. La tatu, waulize malipo ya wajane na mayatima yamefikia wapi. La nne, kila askari wanapotolewa, ndani au nje, waulize ni kifungu gani cha Katiba kimetumika na kwa nini kile, si kingine. Kuna waliotaka tuongeze la tano, la kulaani serikali. Mimi nimelipinga katika kamati na ninalipinga hapa. Ukilaani, watajibu laana. Ukiuliza shilingi ngapi, ni lazima wataje shilingi au wanyamaze, na kunyamaza kwao kutaandikwa katika taarifa za Bunge.

Bwana Mwenyekiti, namwachia karani alisome, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kimeru na Kiembu, ili kila mtu apige kura akijua analolipigia.